Kumlisha Mgonjwa Aliyepunguzwa Mfuko wa Chakula

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uvute kigoda uketi, maana mazungumzo ya leo ni ya jikoni hasa.

Leo tutazungumza juu ya mgonjwa ambaye zamani hatukumwona sana huku kwetu, lakini sasa namkuta ninapotembelea nyumba. Ni yule aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wengine hupasuliwa katika hospitali kubwa za Nairobi, wengine husafiri hadi India. Baada ya siku chache hospitalini wanaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa mama, kwa dada au kwa mke. Daktari wa upasuaji amefanya yake. Kazi inayobaki ni ya yule mwenye kushika mwiko.

Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya matajiri, sisi yanatuhusu nini?" Mama, yanatuhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi imepanda zaidi. Wengi wao hawahitaji kisu. Lakini wapo wenye kisukari, shinikizo la damu na magoti yaliyochoka, ambao daktari ameona upasuaji ndio utakaowafaa. Hao ni binti zetu na dada zetu. Tena sipendi kusikia mtu akiwacheka kwamba wametafuta njia ya mkato. Ukikaa na mgonjwa wa namna hiyo wiki moja tu, maneno hayo yatakutoka kinywani.

Kwanza tuelewe kilichofanyika tumboni. Mfuko wa chakula wa mtu mzima unaweza kupokea lita moja na zaidi. Katika upasuaji wa aina ya kwanza, mfuko hukatwa kwa urefu wake na robo tatu au zaidi hutolewa. Unaobaki ni mwembamba, umbo lake kama ndizi. Katika aina ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu, ukubwa wake kama yai, akakiunganisha na utumbo mdogo, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko wa zamani na mwanzo wa utumbo. Kwa vyovyote vile, kuna mshono ndani ambao huwezi kuuona wala kuufunga bendeji. Unahitaji wiki kadhaa kupona, na katika wiki hizo za kwanza pale mahali pamevimba na njia ni nyembamba sana. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa maji, akaja kwa vyakula vya kunywa, akaja kwa vilivyosagwa, akaja kwa vilaini, na mwisho kabisa chakula cha kawaida.

Sasa nitawasimulia jambo ambalo silisimulii kwa furaha, kwa sababu na mimi nilikuwa na kosa ndani yake.

Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kwa mama yake baada ya upasuaji huo. Nilipita kumtazama kidonda katika wiki ya kwanza. Kidonda kilikuwa safi kabisa. Mama yake akanivuta kando akaniambia, "Sista, huyu mtoto anakunywa maji tu kama kuku mgonjwa. Nimpe nini apate nguvu?" Nami kwa haraka zangu, bila kuuliza alipewa maagizo gani, nikamjibu, "Mama, mpe uji mzito na supu, atapata nguvu." Nikaenda zangu.

Maagizo yalikuwapo. Hospitali ilimpa karatasi, imeandikwa kwa Kiingereza, imetaja jeli, jibini laini na vyakula vingine ambavyo sokoni kwetu hakuna anayeviuza. Mama aliitazama, akaona haimsaidii, akaiweka kabatini. Akapika uji mzito wenye sukari na siagi. Binti akatapika. Mama akaona mtoto ametapika chakula chote, basi ampe kingine. Wiki ya pili akampa ugali umelowekwa kwenye mchuzi. Akatapika tena. Ikawa kila siku ni kula na kutapika, na nyumba nzima ikazoea, wakisema, "Ni ule upasuaji, ndivyo ulivyo."

Niliitwa tena wiki ya saba. Nilimkuta mwalimu anatembea akishika ukuta, kama mtu aliyelewa. Miguu inawaka moto. Nilimnyoshea kikombe, akaniuliza ni kipi achukue, kwa maana alikuwa anaona viwili. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Hakurogwa. Vitamini B1 ilikuwa imemwishia mwilini. Mwili huweka akiba ya vitamini hiyo ya wiki mbili tatu tu, na mtu anayetapika kila siku hana jinsi ya kuijaza tena. Ikiisha, macho, miguu na akili vinaharibika, na usipowahi, uharibifu mwingine haurudi. Tulimkimbiza hospitali ya kaunti, akapewa vitamini hiyo kwa mshipa. Macho yalitulia baada ya siku chache. Miguu ilichukua miezi. Leo amerudi darasani, lakini nyayo zake bado zina ganzi kidogo.

Tangu siku ile sitoi neno juu ya chakula cha mgonjwa wa aina hii kabla sijaisoma karatasi yake. Kwa hiyo na ninyi, haya nitakayosema yashikeni pamoja na maagizo ya daktari aliyempasua mgonjwa wenu. Madaktari hutofautiana kidogo katika hesabu ya wiki. Akisema wa kwenu wiki tatu za vinywaji, ni tatu, hata kama mimi nimesema mbili.

Tuanze na maji. Katika siku moja au mbili za kwanza, mara nyingi akiwa bado hospitalini, mgonjwa hunywa vitu vyepesi vinavyopitisha mwanga: maji, supu iliyochujwa hadi ikawa kama maji, chai ya rangi nyepesi isiyo na sukari. Hata baada ya hapo, maji ndiyo yanayowashinda wengi nyumbani. Mwili wake unahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kifuko hakiwezi kupokea glasi nzima kwa mara moja. Akigugumia atapata maumivu kifuani na kutapika. Asipokunywa atakaukiwa maji, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayowarudisha wengi hospitalini.

Fanya hivi. Chukua kijiko cha mezani. Vijiko viwili ni mililita 30. Mpe vijiko viwili kila robo saa, avinywe kidogo kidogo. Ukianza saa moja asubuhi ukamaliza saa tatu usiku, atakuwa amekunywa zaidi ya lita moja na nusu, bila kutapika hata mara moja. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, uiweke mezani, ili kila mtu nyumbani aone ilivyopungua. Watoto wanaorudi shuleni wanaweza kusaidia kukumbusha, wanaipenda sana kazi hiyo. Tazama na mkojo. Ukiwa mweusi kama chai kavu, au akikaa zaidi ya saa sita mchana bila kwenda haja ndogo, maji hayamtoshi.

Maji yawe yamechemshwa. Soda hapana, hata ile isiyo na sukari, maana gesi inajaza kifuko na kumpa maumivu. Pombe hapana kabisa.

Baada ya hapo huja vyakula vya kunywa, hadi mwisho wa wiki ya pili hivi. Hapa ndipo jiko letu lina utajiri, ila inabidi tujue tunachotafuta. Tunatafuta protini, kile chakula cha kujenga mwili na kufunga mshono. Mgonjwa huyu anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na nafasi yake ni ndogo, kwa hiyo kila kijiko kiwe na kazi.

Tuwaseme wale marafiki zetu wawili, uji na supu ya mifupa. Uji wa wimbi au wa mahindi ni mzuri, lakini sehemu kubwa ni wanga, protini yake ni kidogo. Ukitaka umsaidie, upike kwa maziwa mahali pa maji, uwe mwepesi wa kunyweka, kisha uuchuje kwa chujio la chai. Uji ukisimama kwenye kijiko, bado haujafika wakati wake. Na supu ya mifupa, ambayo sisi tunaamini inarudisha nguvu hata kwa aliyekata roho, kwa kweli ni maji, chumvi na mafuta, na protini kidogo sana. Mpe, inampa maji na ladha ya nyumbani. Iache ipoe, mafuta yagande juu, uyatoe kwa kijiko, uchuje. Lakini usihesabu kwamba amekula.

Kinachohesabika ni maziwa. Glasi ya mililita 250 ina gramu 8 hivi za protini. Ukichukua nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa ukakorogea vijiko vinne vya mezani vya maziwa ya unga, ukachuja mabonge, protini yake inapanda karibu mara moja na nusu, na wingi ni ule ule. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko makopo ya unga wa protini yanayouzwa madukani. Kama daktari ameyaagiza na mna uwezo, nunueni, mkitazama yasiwe na sukari nyingi. Wapo ambao baada ya upasuaji maziwa huwaletea gesi na kuharisha. Hao wajaribu maziwa mala, mara nyingi huyapokea vizuri zaidi. Mala yatoke kwenye maziwa yaliyochemshwa, yasitiwe sukari, na kama ni mazito yapunguzwe kwa maziwa kidogo.

Kuna na ndengu. Zichemshe mpaka zipasuke kabisa, uzisage kwa blenda au uziponde na kuzipitisha kwenye chujio ili maganda yabaki, kisha uongeze maji zinyweke kama supu. Chumvi kidogo, dhania ikipikwa humo na kutolewa, basi. Pilipili iache kwanza.

Wiki ya tatu na ya nne ni za vyakula vilivyosagwa. Sasa kinachoingia ni kile kile ambacho familia inakula, ila kimebadilishwa umbo. Chukua samaki, mchemshe, mtoe ngozi na miiba yote kwa vidole, si kwa macho, kisha msage na mchuzi wake. Fanya hivyo hivyo kwa kuku asiye na ngozi. Yai lipike laini la kuvuruga, ulisage na maziwa kidogo. Omena usiidharau. Ikaange kavu bila mafuta, uitwange kwenye kinu, uipepete kwa chekecheke laini, na uitie kijiko kimoja kwenye ndengu au kwenye malenge yaliyopondwa. Karibu nusu ya uzito wa omena kavu, au zaidi, ni protini, na ina chokaa ya mifupa kwa kuwa inaliwa mzima.

Utajuaje kama imesagika? Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembe au uzi, rudisha kwenye blenda. Asiye na blenda aponde kwa mwiko na kuchuja, mikono itachoka lakini kazi itafanyika.

Kuanzia wiki ya tano hivi anaingia kwenye chakula laini, kile kinachopondeka kwa uma bila kutumia nguvu. Samaki wa mvuke, yai, maharagwe yaliyoiva sana na kutolewa maganda, nyama ya kusaga iliyopikwa na mchuzi mwingi, papai lililoiva, malenge, parachichi kipande kidogo kwa kuwa lina mafuta mengi. Matoke na viazi vilivyopondwa vinaruhusiwa, ila viwe vya mwisho kwenye sahani. Aanze na samaki au yai. Akishiba kabla ya kufika kwenye matoke, hakuna hasara. Akianza na matoke akashibia hapo, siku hiyo mshono na misuli vimelala njaa.

Tupige hesabu ya siku moja ya mtu wa wiki ya tano au ya sita, ili msidhani gramu 60 ni jambo la mbali. Mayai mawili kwa siku, moja asubuhi moja jioni, ni gramu 12. Glasi mbili za maziwa zilizonywewa polepole kati ya milo ni 16. Glasi ya mala 8. Kipande cha samaki cha kutosha kiganja cha mtoto ni 12 hivi. Nusu kikombe cha ndengu, kikigawanywa mara mbili, 7. Hapo una 55, na maziwa ya unga uliyokorogea yanakufikisha 60. Hakuna hata kimoja humo kilichotoka ng'ambo.

Sasa ugali. Najua mnaungoja. Ugali, chapati, mkate mweupe na wali hugandamana, vikaziba ile njia nyembamba kama kizibo. Nyama choma, mahindi ya githeri, mashina ya sukuma wiki na zile ngozi za ndani za chungwa hukwama vile vile. Vingi vya hivi vinaweza kurudi kidogo kidogo baada ya miezi miwili mitatu, kwa ruhusa ya daktari, kwa tonge dogo kama punje ya njugu, limetafunwa mpaka likawa uji mdomoni. Wengine ugali haukubali tena, na wanaishi. Wala si dharau kwa mama mkwe mtu akiukataa.

Namna ya kula ni muhimu sawa na chakula chenyewe. Tumia kisosa, si sahani, na kijiko cha mtoto. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, na kila tonge litafunwe mara 20 au zaidi. Wakati wa kula asinywe kitu, na asubiri nusu saa baada ya kula ndipo anywe. Mwanzoni mlo mzima ni vijiko vitatu vinne tu. Mtazame usoni. Akianza kwikwi, au kupiga chafya, au pua ikatiririka maji, au akashika chini ya kifua, amejaa. Ondoa kisosa hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kile kijiko kimoja cha "maliza tu, mama" ndicho kinachorudisha vyote.

Hapa nataka niseme na wageni. Desturi yetu tukienda kumwona mgonjwa ni kubeba glukosi, juisi ya pakiti, soda na mkate. Ni desturi ya upendo. Kwa mgonjwa huyu, hasa yule aliyeunganishwa utumbo, sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo mdogo humletea balaa. Ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, anaharisha, anajisikia kuzimia. Wengine hupatwa na kizunguzungu saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya mwilini inaposhuka ghafla. Basi ukienda kumwona, beba mayai. Beba maziwa. Au ukamfulie nguo mwenye kumtunza, naye apumzike.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa za kisukari au za shinikizo la damu asiendelee na kipimo cha zamani bila daktari kukipitia upya, kwa sababu sasa anakula kidogo sana na sukari au presha inaweza kushuka mno. Dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na aspirini zinaweza kumtoboa vidonda kwenye kile kifuko. Akiumwa kichwa, ameze paracetamol, na kama ameandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, amuulize daktari wake. Vidonge vikubwa muulize mfamasia kama vinaweza kupondwa, maana si vyote vinavyopondwa. Na vile vidonge vya vitamini alivyopewa, madini ya chuma, chokaa, vitamini B12 na vingine, ni vya maisha yake yote. Chuma na chokaa visimezwe pamoja, vitenganishwe kwa saa mbili, na chuma kisiteremshwe kwa chai.

Dada zangu mlio katika umri wa kuzaa, sikieni na hili. Uzito unapopungua, mwanamke aliyekuwa hashiki mimba anaweza kushika kwa urahisi. Lakini mimba haifai katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza, kwa sababu mwili bado unapungua na mtoto atakosa. Kwa waliounganishwa utumbo, vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vizuri. Njooni kituoni tuzungumze juu ya kipandikizi cha mkononi au koili.

Nywele zinaweza kuanza kukatika mwezi wa tatu hadi wa sita. Mara nyingi huota tena, protini ikitosha. Atakuwepo siku nyingine amekaa mezani analia kwa sababu wengine wanakula chapati. Usimkemee. Chakula kilikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na rafiki akiondoka mtu hulia.

Sasa zile dalili ambazo hazingoji kesho. Homa. Moyo kwenda mbio hata akiwa amelala. Maumivu makali ya tumbo, au maumivu ya bega la kushoto yasiyoeleweka yalikotoka. Kushindwa kupumua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kutapika damu au choo cheusi kama lami. Kushindwa kabisa kushikilia maji kwa siku nzima. Katika wiki za kwanza, dalili hizo zinaweza kuwa mshono umevuja au damu imeganda, na ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mvua. Miezi ya baadaye, maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula yanaweza kuwa ni mawe ya nyongo, ambayo huwapata wengi wanaopungua haraka.

Na kutapika. Kutapika mara moja kwa kula haraka si ajabu. Kutapika siku mbili tatu mfululizo si sehemu ya upasuaji, hata jirani akikuambia nini. Mrudishe kwa daktari. Akianza kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa, au miguu kuwaka moto, usiende kwa mganga, nenda hospitali. Ukifika pale mapokezi useme maneno haya kwa sauti: "Huyu alipasuliwa kupunguza mfuko wa chakula, na amekuwa akitapika kwa siku kadhaa." Sema kabla hajatundikiwa maji ya glukosi, kwa sababu glukosi ikimwingia kabla ya vitamini B1, inaweza kuzidisha madhara. Muuguzi wa zamu huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa aina hii. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa kama huyu na ile karatasi ya hospitali mmeikunja kabatini, itoeni leo. Mje nayo kituoni siku yoyote ya kazi asubuhi, mje na orodha ya vinavyopatikana soko lenu, tukae tuisome mstari kwa mstari na kuandika kando yake kwa Kiswahili, mahali pa jibini mala, mahali pa jeli supu iliyochujwa, mpaka tumalize. Yule mama wa mwalimu yake sasa imebandikwa ukutani karibu na jiko, imejaa madoa ya mchuzi.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua. Mimi ni muuguzi wenu. Kwaherini.